Maneno Madogo ya Wakati katika Kiingereza

Kila lugha ina desturi yake ya kupanga mambo kwa wakati, ili msikiaji ajue lipi lilitangulia na lipi lilifuata. Sisi tusemao Kiswahili wakati tumeufunga ndani ya kitendo chenyewe. Twasema "nilipofika", "nifikapo", "nitakapofika", "nikifika", na silabi moja tu, "po" au "ki", imekwisha kufanya kazi yote. Waingereza hawakufuata njia hiyo. Wao wana maneno madogo yanayosimama peke yake mbele ya habari: "when", "while", "after", "before", "until", "since", "as soon as". Mwanafunzi akiisha kuyakariri maneno haya pamoja na maana zake, hudhani amemaliza kazi, kumbe ndiyo kwanza aanze. Taabu haimo katika maneno hayo. Imo katika kitendo kinachoyafuata, na katika kitendo kile kingine kinachokaa upande wa pili wa sentensi.

Nimefundisha Kiingereza katika shule za pwani ya Kenya zaidi ya miaka thelathini, na kama ningeulizwa ni somo gani lililowatoa watoto jasho kuliko mengine, ningejibu bila kusita kuwa ni hili. Kwa hiyo nataka kuzungumza nanyi juu yake, si kwa mpango wa kitabu cha sarufi, bali kama nilivyoyaona mwenyewe darasani na nje ya darasa.

Sikilizeni kwanza sentensi hizi tatu. "When the rain began, we went home." "When the rain began, we were going home." "When the rain began, we had gone home." Mwanzo wake ni mmoja: mvua ilipoanza. Mwisho nao wote unataja kwenda nyumbani. Lakini hebu jiulizeni ni nani aliyelowa. Katika sentensi ya kwanza mvua ilianza, ndipo tukaondoka, na bila shaka tulilowa njia nzima. Katika ya pili tulikuwa tumekwisha kushika njia, mvua ikatukuta huko. Labda tulilowa kidogo, labda sana, kwa kadiri ya urefu wa njia iliyobaki. Katika ya tatu hatukulowa hata kidogo, kwa sababu mvua ilipoanza sisi tulikuwa tumekwisha kwenda zetu nyumbani, nayo ikapiga makuti ya paa nasi tumo ndani. Hakuna kosa katika hata moja ya sentensi hizo. Kila moja yaeleza habari yake, na atakayeandika moja akikusudia nyingine atakuwa amesema uongo pasipo kujua.

Hapo mtu aweza kucheka, maana kulowa si msiba. Basi nitawaeleza habari ambayo haikuwa ya kucheka.

Mwaka 1971 nilikuwa mwalimu kijana katika shule moja karibu na Kilifi. Upande ule kulikuwa na mashamba makubwa ya mkonge, na katika shamba moja alikuwako mzee mmoja, mlinzi wa usiku, mtu mwaminifu aliyejulikana na kila mtu. Jioni moja alikuja kwangu akabisha hodi, nikamkaribisha. Mkononi alikuwa na karatasi mbili zilizokunjwa. Aliniambia, "Mwalimu, nisomee hizi, maana nimeambiwa niondoke kazini, wala sijui kosa langu."

Karatasi ya kwanza ilikuwa barua ya ofisi ya shamba. Ilisema kwamba mlinzi amekiri kwa maneno yake mwenyewe kuwa alisimama akawatazama wezi wakivunja ghala, asifanye neno. Kwa hiyo mshahara wake umezuiwa, naye apewa siku saba za kujieleza kabla ya kufukuzwa. Karatasi ya pili ilikuwa nakala ya habari aliyoitoa asubuhi ya wizi ule, iliyotiwa katika Kiingereza na karani. Nikaisoma mara moja, nikairudia. Neno lenyewe lilikuwa hili: "When I arrived, they broke the door and took the ropes."

Nilimwomba mzee anisimulie upya mambo ya usiku ule, wala sikumwambia bado nimeona nini. Akasimulia. Alikuwa na maghala mawili ya kulinda, na kutoka moja hadi la pili ni mwendo wa robo saa. Saa nane za usiku alitoka katika ghala la kusini akaenda la kaskazini. "Nilipofika," akasema, "walikuwa wamevunja mlango na kuchukua kamba. Mtu sikumwona, ila nyayo. Nami mara nilipouona mlango nilipiga filimbi."

Nikamwambia, "Mzee, hapa imeandikwa kwamba ulipofika ndipo walipovunja."

Alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nilisema walikuwa wamevunja. Sikusema walivunja. Mimi si mtoto, nakijua Kiswahili changu."

Naye alikuwa amesema kweli. Kiswahili chake kilikuwa sawasawa kabisa, na tofauti ya "walivunja" na "walikuwa wamevunja" aliishika kama mtu ashikavyo jembe lake. Kilichopotea njiani ni neno moja la Kiingereza lenye herufi tatu, "had". Mwingereza akitaja mambo mawili yaliyopita, na moja lilikuwa limekwisha kabla ya jingine kutokea, lile lililotangulia hulitia "had". "When I arrived, they had broken the door." Lakini akiandika "broke" baada ya "when I arrived", msomaji huelewa kwamba kufika kulitangulia na kuvunja kukafuata, kama vile katika sentensi ya mvua, ambapo mvua ilitangulia na kwenda nyumbani kukafuata. Meneja aliyeisoma habari ile hakuwa na ubaya na mzee. Aliisoma kama ilivyoandikwa.

Tuliandika barua usiku ule ule kwa mwanga wa taa ya mafuta ya taa. Niliandika: "When I arrived, they had already broken the door and taken the ropes. As soon as I saw the door, I blew my whistle." Neno "already" nililiongeza makusudi ili asipatikane mtu wa kuteleza tena. Nikamfasiria mzee neno kwa neno, naye akatia kidole gumba chake. Siku ya nne aliitwa ofisini, akaulizwa upya kwa kinywa cha mfasiri mwingine, akarudishwa kazini. Mshahara wa nusu mwezi uliozuiwa hakuupata kamwe, ingawa alikwenda kuuliza mara nyingi.

Tangu hapo sikumruhusu mtoto yeyote katika darasa langu aite "had" neno dogo.

Sasa tuyaache yaliyopita, twende kwa yajayo, maana huko ndiko kuliko na mtego mkubwa zaidi. Sisi twasema, "Atakapokuja, nitampa kitabu." Mwanafunzi hutafsiri, "When he will come, I will give him the book." Mwalimu hutia alama nyekundu juu ya "will" ile ya kwanza, na kuandika, "When he comes." Mwanafunzi huikubali alama kwa sababu ni ya mwalimu, lakini moyoni hakubali.

Mwaka mmoja nilikuwa na msichana wa darasa la saba ambaye hakukubali hata kwa kinywa. Alisimama akasema, "Mwalimu, hapo Waingereza wenyewe ndio waliokosea. Huyo mtu hajaja. Atakuja kesho. 'He comes' ni habari ya sasa au ya kila siku. Mtu wa kesho atasemwaje kwa maneno ya leo?" Nilifurahi sana, maana mtoto anayepinga kwa hoja ni wa thamani kuliko kumi wanaonyamaza. Nikamjibu kwa mfano wa mbuzi. Mchungaji mmoja hufunga kengele shingoni mwa kila mbuzi wake. Mwingine humfunga beberu mmoja tu aongozaye, na kundi zima hujulikana liliko kwa kengele hiyo moja. Katika "atakapokuja, nitampa", Kiswahili kimefunga kengele mbili za wakati ujao. Kiingereza hufunga moja, katika kitendo kikuu, "I will give", na kile kitendo kinachofuata "when" huenda nyuma yake kimya kimya. Kila asikiaye hujua kundi lote linakwenda kesho.

Msichana yule hakuridhika. Basi nikamwuliza, "Na sisi je, hatusemi 'Akija, nitampa kitabu'? Hapo katika 'akija' iko wapi 'ta'?" Akafikiri, akaketi. Kweli, hata Kiswahili kikitumia "ki" huacha alama ya wakati ujao katika upande mmoja, wala hakuna mtu anayeona ajabu. Kwa hiyo mtoto anayetaka kupata Kiingereza sahihi aanze na "akija", asianze na "atakapokuja". Na kanuni hiyo si ya "when" peke yake. Yashika pia "after", "before", "until" na "as soon as". "I will write to you as soon as I arrive." "Wait here until I come back." Hakuna "will" baada ya maneno hayo.

Lakini jihadharini, maana kuna "when" mbili, na moja kati yake haifuati kanuni hii. Tazameni: "I do not know when he will come." Hapa "will" ni haki kabisa. Wanafunzi waliokwisha kupigwa alama nyekundu huiondoa kwa hofu, wakaharibu sentensi iliyokuwa nzima. Njia ya kuzitambua ni nyepesi kwa mtu wa Kiswahili, tena kuliko kwa mtu wa lugha nyingine nyingi, kwa kuwa sisi tuna maneno mawili ambapo Waingereza wana moja. Tafsirini sentensi yenu. Ikiwa Kiswahili chake kinataka "lini", kama "Sijui atakuja lini", basi hiyo ni "when" ya kuuliza, nayo yapokea "will". Ikiwa kinataka "po" au "ki", basi ni "when" ya kuunganisha, wala haiipokei. Kadhalika neno "if". "Sijui kama atakuja" ni "I do not know if he will come", lakini "Akija nitafurahi" ni "If he comes, I shall be glad." Kanuni hii sikuisoma katika kitabu cha Waingereza, wala sidhani wangeweza kuiandika wao.

Mtu atauliza, mbona katika Biblia ya Kiingereza iliyopigwa chapa mwaka 1611 twaona "shall" ikifuata "when" mahali pengi? Ni kweli, imo. Kiingereza cha wakati ule kiliruhusu. Lugha hubadilika kama pwani ibadilikavyo kwa maji. Kilichokuwa sahihi miaka mia nne iliyopita kimekuwa cha kale, na anayekiandika leo katika barua ya kuomba kazi atashangaza watu. Hata "I shall" ambayo walimu wetu walitushikilia sana, siku hizi wengi husema "I will" tu, wala hawaonekani wamekosa.

Na kwa kuwa tumelitaja neno "will", nitaongeza jambo ambalo si lazima kwa mtihani, lakini hunipendeza. Zamani za kale "will" haikuwa alama ya wakati ujao. Maana yake ilikuwa kutaka. Hata leo wasia aandikao mtu juu ya mali yake huitwa "will", kwa kuwa ni mambo ayatakayo. Wajuzi wa lugha husema kwamba "ta" yetu nayo imetokana na kitendo kile kile, "taka", na ndiyo sababu "taka" nzima bado yaonekana katika "atakapokuja". Watu wawili waliokaa mbali, kila mmoja na bahari yake, waliitazama kesho wakaona haiwezi kusemwa ila kwa neno la kutaka.

Nimesema "akija" ni mlango mzuri wa kuingilia. Walakini mlango huo una vyumba viwili. "Akija" yaweza kuwa "if he comes", na yaweza kuwa "when he comes". Sisi hatutengi, Mwingereza hutenga, tena kwa ukali. "If" ni kwa jambo lenye shaka, "when" ni kwa jambo linalotarajiwa hakika. Mtu akiandika juu ya deni lake, "I will pay you when I sell my maize," mwenye kudai huanza kuhesabu siku. Akiandika "if I sell my maize," mwenye kudai hukunja uso, na pengine humwendea mdhamini. Kiswahili "nikiuza mahindi yangu nitakulipa" kimewaacha wote wawili na amani. Kwa hiyo kabla ya kutafsiri "ki", mwandishi hana budi kujiuliza swali ambalo Kiswahili hakikumwuliza: nina hakika, au nina shaka?

Katika masimulizi mambo hugeuka kabisa. Sisi twasema, "Alikuja, akaketi, akala, akaenda zake." Wakati uliopita tumeutaja mara moja, katika "alikuja", na "ka" zikafuata. Sasa sisi ndio wenye kengele moja. Mwingereza kila kitendo hukivika cha kwake: "He came, sat down, ate and went away." Ndiyo maana watoto wetu huandika, "He came and sit down and eat." Si wavivu, wameleta "ka" yao katika Kiingereza, nayo huko haina mahali. Wageni nao hupata taabu kwetu. Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 na kupiga chapa kitabu chake cha kufundisha Kiswahili mwaka 1870, alilazimika kuieleza "ka" hii kwa watu ambao lugha yao haina kitu cha kulingana nayo.

Neno "before" lina kosa lake la pekee. Sisi twasema, "Tulifika kabla hajaondoka." Tumetia ukanusho, kwa maana twamtazama mtu yule wakati ule ule wa kufika kwetu: bado, hajaondoka. Mwingereza hatii ukanusho. Husema, "We arrived before he left." Mwanafunzi anayeandika "before he did not leave" ametafsiri vema Kiswahili chake, lakini Mwingereza hataelewa hata kidogo. Tena "hajaondoka" yetu hukaa vile vile kwa jana na kwa kesho, na Kiingereza hubadilika: "We saw him before he left"; "We shall see him before he leaves."

Juu ya "while" sina mengi. Ni "huku" yetu, au "ki" ya jambo linaloendelea, nayo hupenda kitendo chenye "was" na "-ing": "While I was cooking, the baby woke." Atakayeielewa mvua ya pale mwanzo hatapata shida hapa.

La mwisho ni "since", na hapo "tangu" yetu hutudanganya. Twasema, "Nakaa Kilifi tangu mwaka 1968," kwa wakati wa sasa, na ni Kiswahili safi. Kiingereza hakikubali wakati wa sasa hapo, chataka "have": "I have lived at Kilifi since 1968." Akisema mtu "I lived at Kilifi for ten years," amekwisha kuhama. Akisema "I have lived at Kilifi for ten years," mtamkuta huko bado. Mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, alipokuwa akifundisha watoto wadogo, aliomba kazi mahali pengine akaandika, "I taught here for six years." Jibu lililorudi lilimwuliza kwa nini aliacha kazi yake. Naye asubuhi ile ile alikuwa ametoka kuwafundisha watoto wale wale kuhesabu.

Juzi mjukuu wangu aliniletea daftari lake. Aliandika, "I am living in Kilifi since I was born." Nikamwonyesha kuwa nusu ya pili ni sahihi na nusu ya kwanza si sahihi, naye akataka kujua kwa nini nusu hizo mbili zisifanane, ikiwa mtu ni mmoja na mji ni mmoja. Nikamwambia kwamba kuzaliwa kulitokea siku moja kukaisha, kwa hiyo "was born". Bali kukaa kwake Kilifi kulianza siku ile na hakujaisha hata sasa, kwa hiyo "have lived". Akafuta, akaandika upya, akauliza kama akihamia Mombasa mwakani itambidi aifute tena. Nikamwambia naam, siku hiyo ataandika "I lived".